Hodi Isiyobishwa: Mlango Uliomo Ndani ya Simu Zetu

 



Makala ya wiki hii inatoka mbali na bahari. Tunaiandika tukiwa Huruma, mtaa wa Eldoret, mji wa bara ambao wenyeji wengi bado huuita Sisibo kwa kumbukumbu ya shamba nambari 64 ulikoanzia, na ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Hapa ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri humfanya mtu wa Pwani ajikunyate katika kikoi chake hata baada ya sala. Tumekaa hapa miaka saba tukisomesha madrasa. Wala msidhani kwamba tunayoyasimulia ni ya huku tu. Mwizi tunayetaka kumzungumzia hapandi basi; anaweza kuwa Huruma asubuhi na Majengo, Malindi au Lamu adhuhuri, naye hajainuka kitini.

Msiba wa chama

Katika mtaa huu kina mama 23 wana chama chao. Kila wiki huweka akiba kidogo kidogo, na kila mwezi wa Shaaban hutoa sehemu ya akiba hiyo kuwa sadaka ya kuwavika mayatima nguo za Idi na kuwapatia futari. Mweka hazina wao ni mama mjane, mshonaji, ambaye tangu tumjue hatujasikia amekula shilingi ya mtu. Fedha za chama zimo benki, naye huzitazama kwa simu yake ya mkononi.

Siku moja ya Shaaban walikutana kugawa fedha, na akaunti ikaonekana imetoka shilingi 74,500. Mama yule alipoulizwa alinyamaza. Alipoulizwa tena alilia. Wenzake walimtazama, na mtazamo ule ulikuwa hukumu. Walimleta kwetu tuwasuluhishe.

Hapa inatupasa kukiri jambo, maana si haki kuwafundisha watu tukificha aibu yetu. Tulimsikiliza, naye akatuambia, "Maalim, naapa kwa Mwenyezi Mungu, mkono wangu haukuzigusa. Lakini ni mimi niliyefungua mlango." Hatukumwelewa. Tukasema moyoni kwamba huyu ana karo ya watoto, ana kodi ya nyumba, na shetani si mbali. Tukamwambia kwa ulimi laini kwamba toba iko wazi. Aliinama, akaaga, akaenda zake. Siku tatu hakuonekana msikitini.

Siku ya nne alikuja kijana mmoja aliyewahi kusoma madrasa yetu, ambaye sasa anasomea kompyuta chuoni. Alikuwa ameichukua simu ya mama yule akaikagua. Aliketi nasi mkekani akatuonyesha. Ndani ya simu ile mlikuwa na programu ambayo mama hakujua kazi yake, na programu ile ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya siku na saa ambapo mtu mwingine aliunganishwa na simu hiyo. Taarifa ya benki nayo ilionyesha kwamba katika dakika tisa za muda huohuo fedha zilihamishwa mara tatu.

Ndipo tukapata kisa kizima. Mama alikuwa amepigiwa simu na mtu mwenye sauti ya adabu, aliyejitambulisha kuwa anatoka kitengo cha usalama cha benki. Alimjua kwa jina. Alimwambia kuna wizi unaotaka kutendeka katika akaunti yake na kwamba anataka kumsaidia kuuzuia. Akamwelekeza apakue programu, amsomee nambari iliyotokea, akubali kila kitakachoulizwa, kisha afungue akaunti ili wahakikishe fedha ziko salama. Mwishowe akamwambia ailaze simu kifudifudi juu ya meza kwa dakika kumi "ili mtambo ufanye kazi yake." Mama akailaza, akaendelea kushona. Cherehani ilipokuwa ikinguruma, mgeni alikuwa ndani ya nyumba akifungua sanduku.

Jioni alipotambua, aliona haya kusema.

Aya moja, makosa mawili

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kudhaniana vibaya, na katika aya hiyohiyo anawakataza kupelelezana. Tumeisomesha aya hii mara nyingi tukiyaeleza kama makosa mawili yaliyo mbalimbali. Mwaka huu tuliyaona yakikaa katika kisa kimoja. Mwizi alivunja sehemu ya upelelezi kwa kuingia katika simu isiyo yake na kutazama siri isiyo yake. Sisi, tuliomshuku mjane, tulivunja sehemu ya dhana. Baada ya sala ya Ijumaa tulisimama mbele ya watu tukamwomba radhi. Tunamshukuru Mola kwamba alitusamehe. Fedha hazijarudi mpaka leo, ila heshima yake imerudi, nayo ni ghali zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba habari za kompyuta ni mambo mapya ambayo dini haina neno nayo. Hapana. Katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Sunna ikatufundisha kuomba idhini mara tatu, na asiyejibiwa aondoke. Ndiyo hodi tatu za wazee wetu wa Pwani. Imepokewa pia katika hadithi sahihi kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume, rehema na amani zimfikie, naye akamkemea vikali na kubainisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Yaani mtu hahitaji kuingiza mguu ili awe ameingia. Jicho lake likiingia, naye ameingia.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu waliifahamu hekima hii. Mgeni hupokewa nje kwenye daka, na njia ya kuingilia ndani hupindishwa, ili hata mlango ukiwa wazi mpita njia asiwaone watu wa ndani. Basi simu na kompyuta zetu leo ni nyumba. Ndani yake mna picha za mabinti zetu, maneno kati ya mke na mume, fedha, vyeti, na amana za watu. Je, daka lake li wapi?

Na sisi tulikutwa mlango wazi

Kijana yule alipomaliza habari ya mama, alituuliza kwa heshima, "Maalim, na kompyuta ya madrasa nani huitazama?" Tukacheka. Tulisema ile ni ya kuandikia majina tu.

Aliifungua. Akakuta programu ya namna ileile, ambayo huamka yenyewe kila mashine inapowashwa. Tukakumbuka: miaka miwili nyuma fundi mmoja aliiweka ili atutengenezee hitilafu akiwa kwake, bila kuja. Alipomaliza kazi hatukumwambia aitoe. Aliiwekea neno la siri ili aweze kuingia hata kama hakuna mtu mbele ya mashine, na neno lenyewe lilikuwa jina la madrasa likifuatwa na 786. Mtoto yeyote wa darasa la kwanza angelibahatisha. Hatumtuhumu fundi yule, kwani hatuna ushahidi kwamba yeye alifanya ubaya. Ila kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba usiku mmoja, saa nane na dakika arubaini, mtu aliunganishwa nayo kwa muda wa robo saa. Mashine hatukuwa tumeizima.

Ndani yake mna majina ya watoto 140, nambari za simu za wazazi, na maelezo ya nani yatima, nani ana pumu, nani huchukuliwa na nani jioni. Tulifungua orodha ile tukaisoma upya kana kwamba sisi ndio mwizi, na jasho lilitutoka katika baridi ya Huruma. Hizo zote zilikuwa amana shingoni mwetu.

Tuliwaita wazazi tukawaeleza. Sheria nayo inatutaka hivyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kuhifadhi habari za watu azilinde, na zikifikiwa na asiyeruhusiwa kwa njia inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu atambue. Wako waliokasirika, na walikuwa na haki. Mama mmoja alituambia, "Heri umetuambia wewe kuliko tungeambiwa na mwizi."

Wezi hawa huingiaje?

Tumejifunza kwa kijana yule na kwa kusoma, nasi tunawapa kwa ufupi.

Njia ya kwanza ni ya kumlaghai mwenye nyumba afungue mwenyewe. Programu kama AnyDesk na TeamViewer si haramu katika asili yake. Zimetengenezwa ili fundi aliye Nairobi aweze kumtengenezea mtu kompyuta iliyo Kisumu. Lakini anayekubaliwa huona kila unachokiona, na akipewa ruhusa zaidi, hubonyeza kama wewe. Kisu cha jikoni hukata kitunguu na hukata mkono.

Njia ya pili ni mlango uliosahauliwa, kama ule wetu. Kompyuta nyingi za ofisi zinazotumia Windows zina uwezo wa kuingiliwa kwa mbali uliomo ndani yake tangu zinunuliwe. Kwa kawaida huwa umezimwa. Akiuwasha mtu na kuuacha wazi kuelekea intaneti, wako wanaopita usiku na mchana wakijaribu maneno ya siri kwa mashine, maelfu kwa maelfu, mpaka moja likubali.

Njia ya tatu ni ufa usiozibwa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga kompyuta na kudai fidia. Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa ule Microsoft ilikwisha kuitoa mwezi Machi, takriban miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuipaka.

Njia ya nne ni kuichukua laini au akaunti ya mtu. Mwizi humwomba mtu tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, kumbe ndizo ufunguo wa WhatsApp yake. Au huibadilisha laini yake ya simu ikahamia kwenye kadi nyingine, na ujumbe wote wa benki ukamfikia yeye. Wakenya wamelisikia sana jina la Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, kwa kesi za namna hii, ingawa wakazi wake wengi ni watu wa jasho la halali.

Wala tusijidanganye kwamba wezi ni watu wa ng'ambo. Mwezi Oktoba 2019 Wakenya wanane walikamatwa Kigali, pamoja na Wanyarwanda na Mganda, kwa kujaribu kuvunja mfumo wa benki, na baadaye mahakama ikawafunga. Walikuwa watoto wa watu. Yuko mama aliyewanyonyesha, na huenda alijivuna kwamba mwanawe ni hodari wa kompyuta. Mama mwenye kijana anayekesha mbele ya kioo na kuleta fedha zisizojulikana zilikotoka, na aulize. Ajue pia kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 humtoza aingiaye bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, hata kabla hajaiba kitu. Sheria ya nchi hapa imekubaliana na adabu ya hodi, kwamba kuingia kwenyewe ni kosa.

Kufuli za nyumba hii

Yule bedui alifundishwa amfunge ngamia wake kisha ategemee. Nasi na tufunge.

Kwanza, mtu yeyote akikupigia simu na kukutaka upakue programu, umsomee nambari au umtumie tarakimu ulizotumiwa, kata simu. Huna haja ya kumjibu kwa ukali, na wala si utovu wa adabu, kwani aliyeingia bila hodi hana haki ya kukirimiwa. Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee. Benki nayo haiulizi neno lako la siri. Ukiwa na shaka, nenda tawini, au piga nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi yako.

Pili, fungua orodha ya programu katika simu na kompyuta yako. Ile usiyoijua, uliza. Isiyo na kazi, itoe. Fundi akikusaidia kwa mbali, keti mbele ya mashine mpaka amalize, kisha iondoe programu yake mbele ya macho yako.

Tatu, katika WhatsApp tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikiona kifaa usichokijua, kiondoe hapohapo. Kisha weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani kufuli ya pili juu ya ile ya kwanza. Fanya hivyo katika barua pepe pia, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya mahali pengine pote.

Nne, neno la siri liwe refu, la maneno manne au matano yasiyohusiana, na kila mlango uwe na lake. Lisiwe jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa, wala, tusamehane, 786. Kisanduku cha intaneti cha nyumbani nacho kina neno la siri kilichokuja nalo kiwandani, libadilishe.

Tano, simu au kompyuta ikiomba kusasishwa, ikubalie. Wenye kompyuta za Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilikoma kuipa huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Sita, akaunti ya chama isiwe na ufunguo mmoja. Iombeni benki iweke sharti la watu wawili au watatu kuidhinisha kila malipo. Hili hulinda fedha, na humlinda mweka hazina na ndimi za watu.

Saba, mashine isiyotumika izimwe usiku.

Maji yakishamwagika

Ukitambua kwamba umeingiliwa, zima intaneti ya kifaa hicho mara moja. Kwa simu nyingine, ipigie benki na kampuni ya simu wazuie akaunti na laini; dakika za mwanzo ndizo zenye faida. Badilisha maneno ya siri kwa kifaa kingine kilicho salama. Usifute kitu, maana kumbukumbu zile ndizo shahidi wako. Kisha piga ripoti polisi upate nambari ya OB. Idara ya upelelezi, DCI, ina nambari isiyo na malipo, 0800 722 203.

Na kabla ya yote hayo, sema. Mwambie mume, mwambie mama, mwambie mwenzako. Mama wa Huruma alikaa na siri yake kwa siku kumi na moja kwa kuogopa kuitwa mjinga, na katika siku hizo fedha zilitembea mbali. Nanyi mnaoambiwa, msianze kwa kulaumu. Msimwambie, "Wewe nawe, uliwezaje?" Mkimwambia hivyo, wa pili atakayeibiwa hatasema kabisa, na mwizi hana rafiki mkubwa kama ukimya wetu. Tunalisema hili tukijua sisi wenyewe tulivyomwambia mjane habari za toba, ilhali toba ilikuwa yetu.

Chama kinaendelea. Mayatima walivikwa mwaka huu kwa mchango mpya, na kila gauni alilishona mama yuleyule, bila ujira. Kompyuta ya madrasa ina neno jipya la siri ambalo hata sisi lilitutaabisha kulihifadhi, na usiku huzimwa. Tunapotoka tunagusa kitasa cha mlango wa mbao kuhakikisha umefungika, kisha tunarudi kuitazama mashine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na sitara zetu, awarudishe vijana wetu katika chumo la halali, na atusamehe dhana zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.